Leisure: neno lililozaliwa na ruhusa

Iko methali ya Kiingereza inayomwonya mtu anayeikimbilia ndoa: ukioa kwa haraka, utajuta "at leisure". Aliyezoea kuona leisure ikitafsiriwa burudani au starehe hukwama hapo. Mtu atajutaje kwa burudani? Majuto na starehe havikai chumba kimoja. Lakini Mwingereza anayeitamka methali hiyo haoni utata wowote. Kwake inasema kwamba haraka ikishapita, muda wa kujuta utakuwepo tele, na hakuna atakayekuja kumhimiza huyo bwana amalize upesi.

Maana hiyo ni kongwe kuliko ile ya mabango ya hoteli. Siku hizi wengi wetu tunakutana na neno hili kwenye biashara ya usafiri, ambako abiria hugawanywa mafungu mawili, wa kazi na wa leisure, nasi tunaelewa haraka kwamba fungu la pili ni watu wa matembezi. Tafsiri hiyo inatosha kwa kukata tiketi. Haitoshi kwa methali, wala kwa falsafa, wala kwa sheria, na sababu yake imejificha kwenye shina la neno.

Shina hilo ni la Kilatini. Warumi walikuwa na kitenzi "licere", ambacho kwa kawaida kilisimama bila mtendaji: "licet", yaani yafaa, ni ruksa, hakuna kizuizi. Kitenzi hicho kilipoingia kinywani mwa Wafaransa wa kale kikalainika kikawa "leisir", kuruhusiwa. Kisha kikafanyiwa jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kulielezwa mara mbili, kwa sababu sisi tunalifanya kila siku: kitenzi kikageuzwa nomino bila kubadilishwa umbo. Tunavyosema "kula kwake ni kwa shida" au "kufa ni faradhi", ndivyo nao walivyosema "leisir" wakimaanisha huko kuruhusiwa, ile hali ya kuwa huru kufanya jambo. Waingereza wakalichukua neno kwa Wafaransa hao, na kufikia mwaka 1300 hivi lilikwisha kuandikwa katika Kiingereza. Maana yake ya kwanza huko ilikuwa nafasi au uhuru wa kutenda. Maana ya muda usio na shughuli ilifuata baadaye, kama mtoto anavyomfuata mama.

Mkia wa "-ure" ni nyongeza ya kufuata mkumbo. Neno jingine la Kifaransa, "plaisir", nalo ni kitenzi cha kale, kupendeza, kilichogeuzwa nomino. Waingereza wakaliandika "pleasure", kwa mfano wa maneno kama "measure", na leisure ikavishwa vazi hilohilo. Matamshi hayajatulia hadi leo: Mwingereza husema "lezha", Wamarekani wengi husema "lizha".

Ndugu wa tumbo moja wa neno hili wanajulikana. "Licence", ile leseni ya udereva au ya biashara, imetoka kwenye licere. "Illicit", kitu cha haramu au cha magendo, ni licere iliyokanushwa. Wafaransa wenyewe bado wana kivumishi "loisible", na wakimwambia mtu kwamba jambo fulani kwake ni loisible, hawamwambii kwamba linaburudisha. Wanamwambia kwamba anaruhusiwa. Kwa hiyo leseni mfukoni mwa dereva na leisure ya abiria aliyeketi nyuma yake zimechimbwa kisima kimoja.

Hili la ruhusa si bahati ya Kilatini peke yake. Wajerumani wana neno "Muße" kwa ule utulivu wa mtu asiyekimbizwa na shughuli. Shina lake ndilo shina la kitenzi "müssen", ambacho leo maana yake ni kulazimika, binamu wa "must" ya Kiingereza. Inaonekana kichekesho, neno la wasaa na neno la lazima kuwa ndugu. Lakini zamani müssen haikuwa lazima. Ilimaanisha kuwa na nafasi ya kufanya jambo, kuweza, kuruhusiwa. Karne zilivyopita kitenzi kikageuka kutoka "unaruhusiwa" hadi "huna budi", huku nomino ikibaki upande wa uhuru. Nasi pia, bila kuazima kwa Mlatini wala Mjerumani, tunasema mfanyakazi amepewa ruhusa ya siku tatu. Hatusemi ruhusa ya kufanya nini. Neno lenyewe limekwisha kuwa jina la zile siku.

Na ruhusa huzaa swali: inatolewa na nani, na kwa nani? Upo msemo wa Kilatini kwamba lililo ruksa kwa Jupiter, mkuu wa miungu, si ruksa kwa ng'ombe. Historia ya leisure, ukiisoma kwa jicho hilo, ni historia ya kubishania nani ni Jupiter na nani ni ng'ombe.

Kwa Wagiriki ubishi huo ulikuwa wazi kabisa. Neno lao lilikuwa "skholē", na hapo mwanzo lilimaanisha kujizuia, kusimamisha, kuacha shughuli. Ajabu ya kwanza ni kwamba kazi yenyewe, pilikapilika za kutafuta riziki na kuendesha mambo, waliipa pia jina lisilojitegemea. Waliiita "askholia", kukosa skholē. Sisi tunapima mapumziko kwa kazi: ni kutofanya kazi. Wao walipima kazi kwa skholē: ni kukosa wasaa. Kipi ni kitu na kipi ni upungufu wake, hapo tumepishana nao kabisa.

Mtu aliyelifikiri jambo hili kwa kina kuliko wote alikuwa mwanafalsafa Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo. Alisema tunashughulika ili tupate skholē, kama tunavyopigana vita ili tuishi kwa amani. Wasparta, Wagiriki wa mji wa Sparta waliolelewa kwa vita, aliwalaumu kwa hoja hiyohiyo: walisalimika wakati wa vita, walipopata utawala wakaporomoka, kwa kuwa hawakufundishwa kuishi bila kupigana. Kukaa bila vita na bila kazi, kwake, ni ujuzi, na mtu asiyefunzwa ujuzi huo wasaa humharibu.

Tofauti aliyoiweka kati ya skholē na mchezo ndiyo inayotusaidia zaidi. Mchezo, alisema, ni kwa ajili ya mtu anayefanya kazi. Amechoka, moyo wake umekazana, basi apewe mchezo kwa kiasi na kwa wakati wake, kama mgonjwa anavyopewa dawa. Ndiyo, dawa. Msemo wetu wa "kazi na dawa", ambao watu huutoa wakitaka kuhalalisha kinywaji cha jioni, una mwenzake katika maandishi ya Aristotle yenye umri wa zaidi ya miaka 2300. Lakini kwake dawa si afya. Dawa inatumika ili mtu arudi kazini, kwa hiyo burudani bado ni mtumishi wa kazi. Skholē haimtumikii yeyote. Ni hali ya kufanya jambo kwa ajili ya jambo lenyewe: kutafakari, kuzungumza, kusikiliza muziki, kutafuta kujua. Ukitafsiri skholē ya Aristotle kwa "burudani" umemfanya aseme kitu alichokikanusha.

Kwa kuwa waungwana wenye skholē waliitumia kujadiliana na kusoma, neno likahama kutoka kwenye muda hadi kwenye mjadala, kutoka kwenye mjadala hadi mahali pa mjadala. Warumi wakaliita "schola", Waingereza "school", Wajerumani "Schule". Kiswahili kimelipokea kupitia milango miwili: shule kutoka kwa Wajerumani, skuli kutoka kwa Waingereza. Mtoto anayeamshwa alfajiri, akakimbizwa na kengele na kukaa na hofu ya mtihani, hajui kwamba jengo lile limepewa jina la kutokimbizwa.

Ila tusiwapambe Wagiriki kupita kiasi. Aristotle mwenyewe ananukuu methali ya wakati wake: watumwa hawana skholē. Aliinukuu kama maelezo ya jinsi mambo yalivyo, si kama malalamiko. Raia wa Athens aliyeketi akijadili wema ni nini alikuwa na mtumwa shambani, mtumwa jikoni, na mke aliyesimamia nyumba. Wasaa wake ulikuwa saa za watu wengine zilizokusanywa zikawekwa mapajani mwake. Wanaosifia leisure ya wahenga huruka ukurasa huu, nami naona huo ndio ukurasa wa kusoma polepole.

Warumi walifuata nyayo zilezile kwa neno lao, "otium". Kazi ikawa "negotium", yaani si-otium, na hapo ndipo ilipotoka "negotiate" ya Kiingereza, "negocio" ya Kihispania yenye maana ya biashara, na "negozio" ya Kiitaliano, ambayo leo ni duka la kawaida. Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma, mwaka 56 kabla ya Kristo alilitaja lengo la watu wema wa Roma kuwa otium yenye heshima, utulivu wa mtu na wa dola kwa pamoja. Na ndiye aliyesimulia kwamba jemadari Scipio alikuwa akisema hawi na shughuli nyingi kama pale anapokuwa hana shughuli.

Lakini otium haikudumu na heshima yake. Kitu chembamba mno hutenganisha mtu mwenye wasaa na mtu mvivu, hasa anayetazama akiwa ndiye aliyeshika jembe. Katika karne ya 6, Benedikto, aliyewaandikia watawa kanuni zao, alisema kukaa bure ni adui wa roho, na neno alilolitumia ni "otiositas", mtoto wa otium. Lugha zilizozaliwa na Kilatini zikaendelea na njia hiyo: Waitaliano wana methali kwamba "ozio" ni baba wa maovu, na Wafaransa wanasema uvivu ni mama yao, kwa neno la ukoo uleule. Kiingereza kimebakiwa na "otiose", kitu kisicho na kazi wala maana.

Hata hivyo, sura ileile ya Benedikto inayoukemea uvivu inawapa watawa saa za kusoma, na hapo anatumia kitenzi kingine, "vacare": wawe huru kwa ajili ya kusoma. Maana halisi ya vacare ni kuwa tupu, na kutoka humo ndipo tulipopata "vacation". Kitenzi hicho kiko pia katika tafsiri ya Kilatini ya Zaburi ya 46, pale Biblia ya Kiswahili inaposema "Acheni, mjue ya kuwa mimi ni Mungu". Tafsiri ya kale ya Kigiriki katika mahali hapohapo inatumia kitenzi cha skholē. Ukitafsiri neno kwa neno unapata: kuweni na wasaa, mjue. Kujua kunakuja baada ya kuachiwa nafasi.

Utupu huo wa vacare ndio unaoturudisha nyumbani kwenye Kiswahili, maana tunalo neno la maana hiyohiyo na tumelisahau: faragha. Kwa Kiarabu, "faragh" ni utupu, na wakati wa faragh ni wakati usio na shughuli. Katika Kiswahili cha zamani mtu aliweza kusema "sina faragha" akimaanisha ameshikika na kazi. Tafsiri za Kurani kwa Kiswahili zimeitunza maana hiyo katika sura ya 94, pale Mtume anapoambiwa akipata faragha afanye juhudi. Na iko hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari, mkusanyaji wa kauli za Mtume, inayotaja neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo: afya na faragha. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa kupunjika ni la sokoni. Ni la mtu aliyeuza bidhaa ya thamani kwa bei ya kutupa.

Leo ukisema faragha, msikilizaji anafikiria siri: mazungumzo ya faragha, haki ya faragha, taarifa za simu zisizopaswa kuchunguliwa. Si kosa, maneno hutembea. Lakini tumebaki na pengo, na tumeliziba kwa maneno ambayo kila moja limeona upande wake wa jambo.

Burudani ni neno la halijoto. Limetoka kwenye baridi: mtu aliyeungua na jua huburudika, moyo uliochemka huburudishwa. Pumzika limetoka kwenye pumzi: umekimbia, unahema, sasa pumua. Maneno yote mawili yanatazama nyuma, kwenye uchovu, na ndiyo dawa ya Aristotle hasa. Starehe iko kando kidogo. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa raha, na roho vilevile, na heshima yake ya zamani bado inasikika pale mgeni anapoingia, mwenyeji anataka kuinuka, naye anaambiwa: "Starehe, starehe." Lakini ukimwita mtu "mtu wa starehe" hujamsifu. Starehe imepita njia ya otium, kutoka utulivu hadi lawama, bila kuhitaji mtawa yeyote wa kuisukuma.

Halafu kuna maneno ya nafasi. Wasaa asili yake ni upana. Nafasi, katika Kiarabu, iko jirani na pumzi na nafsi, na kwetu imekuwa mahali, muda na uwezekano kwa mpigo mmoja: hakuna nafasi kwenye gari, sina nafasi leo, nimepata nafasi ya kusoma. Na fursa, ambayo kwetu siku hizi inanukia semina za ujasiriamali, kwa wasemaji wa Kiurdu ni "fursat", na huko maana yake ni wasaa, muda wa kukaa bila haraka. Neno moja la Kiarabu limekwenda pande mbili za bahari. Upande mmoja likawa mwaliko wa kuchangamka, upande wa pili mwaliko wa kutulia. Kihindi nacho kina "avkash", ambayo ni uwazi na ni likizo pia. Wachina waliandika jambo hilo kwa alama ya mlango wenye mwezi ndani yake, 閒: mwanga unaopenya kwenye upenyo.

Kundi hili la pili, la upana, utupu na upenyo, ndilo jirani wa kweli wa leisure. Halisemi kitu kuhusu uchovu wala furaha. Linasema tu kwamba mahali pako wazi.

Kilichoivuruga leisure ya Kiingereza ni saa ya kiwandani. Kabla yake, kazi na mapumziko vilichanganyika ndani ya siku moja, kwa kufuata jua, msimu na sikukuu. Kiwanda kilinunua muda kwa kipimo, na kwa kununua kipande kimoja kikaumba kipande cha pili: ule muda usionunuliwa. Hapo leisure ikaanza kuhesabika. Robert Owen, mwenye viwanda na mrekebishaji wa jamii, aliigawa siku mafungu matatu: saa 8 za kazi, saa 8 za kujiburudisha, saa 8 za kulala. Bunge la Uingereza mwaka 1847 liliweka kikomo cha saa 10 kwa wanawake na vijana katika viwanda vya nguo. Waashi wa Melbourne, Australia, waliacha zana zao Aprili 1856 na wakapata siku ya saa 8. Mwaka 1919 mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulihusu jambo hilohilo: saa 8 kwa siku, 48 kwa wiki.

Matajiri nao hawakukaa kimya. Mwaka 1899 Thorstein Veblen, mwanauchumi wa Marekani, alieleza kwa kejeli kavu kwamba kwa tabaka la juu leisure si kupumzika hata kidogo bali ni kuonyesha. Mtu anapoteza muda hadharani ili ijulikane kwamba anao wa kupoteza.

Ufaransa mwaka 1936 ndiko neno lilipoingia serikalini kwa jina lake. Serikali ya mrengo wa kushoto ilipitisha wiki ya saa 40 na likizo ya wiki mbili yenye malipo, na Léo Lagrange akapewa dhamana ya michezo na "loisirs". Wapinzani wakaibatiza ofisi yake wizara ya uvivu. Angalia jinsi ubishi wa otium ulivyorudi mzima mzima: wasaa wa bwana ni utamaduni, wasaa wa mfanyakazi ni uvivu.

Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Binadamu, na kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya "rest and leisure", pamoja na kikomo cha saa za kazi na likizo zenye malipo. Maneno hayo mawili yamewekwa pamoja kwa sababu si kitu kimoja. Kama leisure ingekuwa pumziko, "rest" ingetosha. Wafaransa waliandika "loisirs" bila wasiwasi. Wahispania, ambao wana "ocio" kutoka otium, waliikwepa wakaandika kufurahia "muda huru". Pengine walisikia ile harufu ya uvivu. Na hapo pia ruhusa iligeuka. Neno lililoanza kwa maana ya kwamba mtu fulani amekuruhusu likawa haki, jambo ambalo hakuna mtu anayepaswa kukuruhusu.

Kwa hiyo mtafsiri afanyeje? Mimi nisingetafuta neno moja la kuzibeba leisure zote. Abiria wa leisure ni mtu wa matembezi, na atosheke na hilo. Kituo cha leisure chenye bwawa na uwanja ni kituo cha burudani. Leisure ya Aristotle naona ni wasaa, na pale anapozungumzia muda ulioachwa wazi kwa kutafakari ningethubutu kuirudisha faragha kazini, kwa maelezo mafupi ili msomaji asidhani mwanafalsafa alikuwa na siri. Kifungu cha 24 ningekiandika kupumzika na kuwa na wasaa. Na yule bwana wa mwanzo, aliyekimbilia ndoa: oa kwa haraka, ujute kwa nafasi.